Nguzo ya Maji Langoni

Jumatatu, 4 Machi

Daftari la ofisi lina nafasi tatu tu kwa siku: tarehe, kimo cha maji, sahihi. Marehemu mke wangu alijaza la kwake kwa miaka kumi na tisa, enzi eneo hili likiwa kituo cha idara ya maji, na hakukubali kubanwa na nafasi tatu. Pembeni aliandika alichotaka. "Anga safi." "Ndege wawili weupe." "Viatu vimelowa." Siku binti yetu alipong'oka jino la kwanza, nalo liliingia, kando ya kimo cha maji. Mstari wake wa mwisho ni wa Novemba: "Vidato viwili. Kifua bado. Kesho asome yeye."

Yeye ni mimi. Sikuweza kuandika chini ya mstari ule. Niliomba ofisini daftari jipya, na hili nimejinunulia kwa ajili ya yale ya pembeni.

Leo Mkurugenzi ametukusanya uwanjani kutueleza tena kwamba hapa si kiwanda, ni Ukanda Maalumu wa Kiuchumi wa Teknolojia ya Kijani. Patatengenezwa paneli za jua, baadaye betri, na baadaye, kwa jinsi alivyokuwa akinyoosha mkono juu, hata jua lenyewe. Alisema neno dira mara kumi na moja. Wafanyakazi wanamwita Bwana Dira.

Sina haki ya kucheka sana. Nina kazi kwa sababu ya kibali cha mazingira. Kimeandikwa wazi: kimo cha mto kisomwe kila asubuhi, na maji yakifika mita mbili, Banda la Chini lifungwe na watu wote watoke. Banda lenyewe wamelijenga bondeni wakati wa kiangazi, udongo ulipokuwa mkavu na kila mtu hodari. Binti yangu yumo humo, anafunga fremu za alumini kwenye vioo. Wako sitini.

Mita 0.20.

Jumatano, 6 Machi

Nguzo ya kupimia imesimama mtoni, mwisho wa ngazi ya mawe yenye vidato kumi na viwili. Marehemu aliandika mita, halafu akaandika na vidato vilivyozama, kwa sababu tope hufunika rangi ya nguzo lakini halifichi jiwe. Katika daftari lake kuna sentensi moja ameipigia mstari mara mbili: "Kidato cha tisa kikizama ndiyo mita mbili. Asubuhi tisa, adhuhuri maji yako bondeni." Kwa miaka kumi na tisa ilitokea mara tatu. Bondeni wakati huo kulikuwa na majani tu.

Leo kidato kimoja.

Ijumaa, 8 Machi

Msimamizi wa Banda la Chini ni mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni. Wanamwita Redio, na hawajamwonea. Mlango mkubwa wa banda hufungwa saa zote za kazi ili vumbi lisiingie kwenye paneli, na funguo anazo yeye. Sauti yake hufika kabla yake. Kila asubuhi nikipita ananipigia kelele kutoka dirishani:

"Shemeji! Leo uko kidato cha ngapi?"

"Cha kwanza."

"Umri huo bado kidato cha kwanza! Utamaliza lini shule?"

Wote ndani wanacheka, na binti yangu anainamisha kichwa. Sijui ushemeji wetu umeanzia wapi. Watu wengine wanaogopa kimya kama wengine wanavyoogopa nyoka.

Jumatatu, 11 Machi

Mhandisi kijana amekuja mtoni mwenyewe. "Shikamoo, mzee." Akaketi kwenye kidato cha juu bila kujali suruali, akauliza marehemu alikuwa anafanyaje kazi. Nikamwonyesha daftari. Alisoma kurasa nyingi, akasema, "Hii ni hazina." Kijana amefunzwa kwao.

Mita 0.40. Vidato viwili.

Jumatatu, 18 Machi

Mgeni rasmi anakuja Ijumaa. Mvua imeanza na nyasi zimeota zenyewe pande zote, mbichi kabisa. Wamezifyeka. Mahali pake wametandika zulia la nyasi za plastiki, kwa kuwa la plastiki lina kijani kinachofanana na kile cha nembo. Nilidhani ni utani mpaka nilipopewa ufagio wa kulifagia.

Vidato viwili.

Jumatano, 20 Machi

Leo wamehamisha nguzo.

Nilifika saa moja kamili, nikakuta mafundi wanne wameing'oa na wanaipandisha kilima. Nikawafuata mpaka langoni. Huko wameichimbia shimo katikati ya bustani ya maua, wakamimina zege na kuizungushia mawe yaliyopakwa rangi ya kijani. Kibao pia kipo: KIPIMO CHA MAJI. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbali kidogo, kichwa kimelala upande, kama mtu anayetundika picha sebuleni.

"Mgeni rasmi hawezi kushuka kwenye tope," akasema. "Kule chini hakuna anayeiona. Kitu kisichoonekana hakisaidii dira."

"Bosi, maji hayapiti hapa langoni."

"Ndiyo maana pako safi."

Nikamtazama Mhandisi. Alikuwa amechuchumaa na timazi yake, anahakikisha nguzo imesimama wima. Imesimama wima kabisa. Sijapata kuona nguzo iliyosimama wima kama ile.

"Mhandisi," nikasema, "sasa nisome nini?"

Hakuinua macho. "Soma nguzo, mzee. Kibali kinasema nguzo isomwe."

Nimesoma nguzo. Nimeandika sifuri, nikatia sahihi. Sahihi imetoka nzuri, na hilo ndilo limenikera zaidi.

Mtoni, vidato vitatu.

Ijumaa, 22 Machi

Mgeni rasmi amekuja na magari tisa. Alisimama mbele ya nguzo, akavaa miwani, akainama na kusoma kwa sauti: "Sifuri!" Watu wakapiga makofi. Akasema, "Hongereni sana," na Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kana kwamba ndiye aliyeyazuia maji kwa kifua chake.

Ofisi: sifuri. Mtoni: vitatu.

Jumanne, 26 Machi

Ofisi: sifuri. Mtoni: vitatu na nusu. Redio kauliza kidato cha ngapi, nikamjibu. Akasema nikirudia darasa atanichapa.

Jumatatu, 1 Aprili

Ofisi: sifuri. Mtoni: vinne. Marehemu angekuwa ameandika kitu kuhusu vyura. Ni wengi mwaka huu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda kwa Mkurugenzi. Nilivaa shati la mazishi, kwa kuwa ndilo lenye kola nzuri. Nikamweleza kwa utaratibu: nguzo iko langoni, mto uko chini, banda liko bondeni, watu sitini wamefungiwa ndani. Alinisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Mzee, wewe ni mwanasayansi?"

"Hapana, bosi."

"Ukiandika kitu ambacho nguzo haisemi, hiyo inaitwaje?"

Akaacha kuizungusha kalamu.

"Inaitwa kughushi. Na binti yako yumo kwenye orodha ya watakaopewa ajira ya kudumu mwezi wa sita, sivyo? Msichana mzuri. Mikono mepesi."

Akatabasamu kwa upole. Nimewahi kuona watu wakali maishani mwangu, na sikuwadharau hata mmoja wao kama nilivyomdharau mtu huyu na upole wake. Kisha nikarudi mezani kwangu nikaandika sifuri. Basi nami nijihesabu humo humo.

Jumamosi, 13 Aprili

Ofisi: sifuri. Mtoni: vitano.

Jumatano, 17 Aprili

Cheti kimefika. Kina ukingo wa dhahabu na maneno haya: Eneo Lisilo na Athari za Mafuriko. Kimetolewa kwa kuzingatia kumbukumbu za kila siku, yaani mwandiko wangu. Nimepewa nyundo na msumari nikitundike mapokezi. Mkurugenzi alinielekeza: juu kidogo, kushoto kidogo, hapo hapo. Mhandisi alikuwa anapita na kikombe cha chai. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama amewaeleza wakubwa.

"Mzee, ninajua," akasema. "Ninajua kuliko unavyofikiri. Lakini ripoti ya robo mwaka imeshatoka. Tukibadilisha sasa tutaonekana hatuna uhakika."

Mwezi uliopita aliketi kwenye ngazi ya marehemu, akaliita daftari lake hazina. Bora Mkurugenzi, yeye hajui anachokanyaga. Huyu anajua, na anakanyaga kwa kunyata.

Ofisi: sifuri. Mtoni: vitano.

Jumapili, 28 Aprili

Binti amekuja kula mchana. Amechukua uso wa mama yake, hasa anapokasirika.

"Baba, acha kuja kuchungulia dirishani kwetu mara nne kwa siku. Wenzangu wananicheka."

"Maji yako kidato cha sita, mwanangu."

"Kwa hiyo?"

"Mama yako aliandika kwamba cha tisa kikizama..."

"Mama aliandika. Wewe unaandika nini?"

Nikamwongezea mchuzi.

"Mapokezi kuna cheti, Baba. Kila mtu anakisoma akiingia. Kama kuna hatari, mbona wewe mwenyewe umetia sahihi kwamba hakuna? Niwaambie wenzangu wamwamini nani, baba yangu wa nyumbani au baba yangu wa ofisini?"

"Bosi amesema ajira yako..."

"Mimi sikukutuma uninunulie ajira."

Nikainuka nikaosha vikombe viwili vilivyokuwa visafi. Alipoondoka aliniaga vizuri, akanishika bega. Ingekuwa afadhali angebamiza mlango.

Ijumaa, 3 Mei

Ofisi: sifuri. Mtoni: sita. Redio kauliza, nikamjibu. Leo hakutania, alisema "haya" tu. Labda ana mafua.

Jumanne, 7 Mei

Mvua tangu jana bila kupumzika. Huko juu mto unakotoka mbingu ni nyeusi kama sufuria ya kuni. Ofisi: sifuri. Mtoni: saba.

Jumatano, 8 Mei

Sifuri. Saba na nusu. Zulia la plastiki limejaa maji na linaelea kidogo ukilikanyaga.

Alhamisi, 9 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu wataniuliza.

Saa moja asubuhi kidato cha nane kilikuwa kimezama. Nikapanda langoni. Nguzo ilikuwa inang'aa kwa mvua, maua yamestawi, sifuri. Nikaandika sifuri na kutia sahihi. Ilikuwa sifuri ya hamsini na moja.

Sikukaa. Nikarudi mtoni na mwavuli. Mto ulikuwa umebadilika sauti. Marehemu aliwahi kuniambia kwamba maji yakizidi huacha kupiga kelele, yanaguna. Yalikuwa yanaguna. Saa tatu na robo kidato cha tisa kikaenda. Nilikitazama kikienda. Mwanzo utando mwembamba juu ya jiwe, halafu jiwe lenyewe likawa rangi tu, halafu hakuna.

Nikapanda kilima mbio, kama magoti yanavyoruhusu. Mkurugenzi alikuwa chumba cha mikutano, mbele ya skrini, anawahutubia watu wa nchi za mbali. Kupitia kioo nilisikia maneno "ustahimilivu wa tabianchi". Mlinzi wa mlango akanizuia kwa kiganja. Nikaenda kwa Mhandisi.

"Kidato cha tisa kimezama. Piga king'ora."

Akatazama dirishani, akatazama daftari la ofisi lililokuwa wazi mezani.

"Leo umeandika sifuri, mzee."

"Unajua nguzo iko wapi! Wewe ndiye uliyeipima!"

"Siwezi kupiga king'ora wakati kumbukumbu inasema sifuri. Wageni wako kwenye skrini. Nikipiga, nitaandika sababu gani?" Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na mkono wake ulikuwa umelala karibu kabisa na kile kitufe chekundu cha king'ora. Haukusogea. "Subiri kikao kiishe. Dakika arobaini."

Nikamwacha na mkono wake.

Njia ya bondeni ilikuwa tope tupu. Nilianguka mara moja na mwavuli nikauacha palepale. Nilikuwa nawaza nitakachosema, kwa kuwa mimi si mtu wa kusema, na mwenye funguo alikuwa Redio, ambaye miezi miwili ananifanya kichekesho. Nilijua atacheka kwanza. Nilijua nitapoteza dakika kumi kumwomba asicheke.

Nikagonga dirisha. Akafungua kioo.

"Shemeji. Kidato cha ngapi?"

"Cha tisa."

Hakucheka. Hakuuliza swali la pili. Alikuwa ameshageuka, funguo mkononi, na ile sauti niliyoidharau tangu Machi ikajaza banda lote:

"Tokeni wote! Acheni vioo! Acha, dada, hicho kioo hakijakuzaa! Mbili mbili, njia ya juu, msikimbie! Zima umeme, wewe wa mwisho! Viatu utavaa kilimani!"

Mlango mkubwa ukafunguka. Wakatoka wakishikana mikono, wengine wakinung'unika kwamba watakatwa siku, na yeye akiwajibu mmoja mmoja bila kusimama. Binti yangu alitoka katikati, fremu bado iko mkononi, kana kwamba amesahau kuwa si sehemu ya mkono wake.

"Baba, nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, tope lote lile. Akaiweka fremu chini na kunishika mkono.

Tulisimama kilimani kwenye mvua, watu sitini na mmoja pamoja na Redio, aliyewahesabu mara mbili kwa kidole. Msaidizi wa Mkurugenzi akaja akipiga kelele kwamba ni utovu wa nidhamu na majina yote yataandikwa. Akatoa karatasi, mvua ikamloweshea karatasi. Akatoa nyingine. Alikuwa kwenye jina la kumi na nne maji yalipoingia bondeni.

Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja mapana na ya kahawia, yakaingia mlango mkubwa kama mtu anayeingia kwake. Dakika chache baadaye makasha ya paneli yakaanza kutoka kwa upande mwingine, yakielea, kila moja na nembo ya jani la kijani. Saa sita kasoro robo maji yalikuwa yamefika madirishani. Msaidizi alikunja karatasi yake kwa uangalifu mkubwa.

Ndipo Redio akaja kusimama karibu nami.

"Mara zote ulidhani nakucheka," akasema.

"Ulikuwa unanicheka."

"Nilikuwa nakucheka pia. Lakini marehemu aliniachia kazi. Tuliitana dada tangu nikifua nguo kwenye ngazi ile, wewe ukiwa kazini karakana. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho akaniambia, mume wangu mpole mno, akiona hatari atabisha hodi kwanza. Kila siku umuulize kidato. Akisema tisa, usimsubiri amalize."

Miaka yote ile nilidhani mke wangu hana siri.

Ijumaa, 10 Mei

Mtoni: kumi. Ofisi haijafunguliwa.

Jumatatu, 13 Mei

Tume imekuja, watu watatu wenye mabuti mapya. Mkurugenzi amewaambia alikuwa anategemea kumbukumbu. Wakanipa daftari la ofisi.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Sifuri hamsini na moja?"

"Ndiyo."

"Kwa nini uliandika sifuri wakati mto umejaa?"

"Kwa sababu nguzo inasoma sifuri. Iko langoni. Mmepita kando yake mkiingia."

Wakatazamana. Mmoja akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona anaizunguka nguzo, anatazama maua, anatazama mto kule chini. Aliporudi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilidhani ni aibu. Alikuwa anazuia kicheko.

Nikawaambia pia kwamba nilijua. Hawakuliandika hilo. Halikuwa na nafasi kwenye fomu.

Jumatatu, 20 Mei

Matokeo ya tume yamebandikwa. Chanzo: udhaifu katika usomaji. Msomaji aondolewe. Kinunuliwe kipimo cha kisasa cha umeme chenye kioo, kifungwe langoni, kwa kuwa umeme unafika langoni.

Mkurugenzi amehamishiwa ukanda mwingine, mkubwa zaidi. Mhandisi amepandishwa kukaimu nafasi yake. Yeye ndiye aliyenikabidhi barua yangu, kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasema, "Nisamehe, mzee." Nilimwambia viatu vyake vimefunguka kamba. Vilikuwa vimefunguka kweli.

Banda la Chini litakarabatiwa papo hapo lilipo.

Jumamosi, 25 Mei

Kipimo kipya kimefungwa. Nguzo ya zamani imeng'olewa na kutupwa nyuma ya kibanda cha mlinzi, pamoja na mawe ya kijani. Tumekwenda asubuhi kuichukua, mimi, binti na Redio, na wanawake wanne wa banda. Mlinzi akasema, "Ichukueni, inanikwaza miguu." Tumeibeba begani mpaka mtoni. Redio alitoa amri njia nzima na hakubeba chochote. Tumeisimamisha palepale pa zamani, tukaishindilia kwa mawe. Imeinama kidogo upande wa kushoto.

"Sisi tukirudi kazini, nani atasoma?" akauliza binti yangu.

"Mimi. Sina kazi nyingine."

"Na ukikuta tisa?"

"Sitabisha hodi."

Jumapili, 26 Mei

Saa moja asubuhi. Langoni kioo kinasoma 0.00, kwa taa za kijani. Mtoni ni mita 0.85.

Nimelitoa daftari la marehemu kabatini na kulifungua kwenye mstari wake wa mwisho, ule wa "Kesho asome yeye." Chini yake nimeandika:

"Vidato vinne. Anga safi. Viatu vimelowa. Nimechelewa kidogo kusoma."